Mfereji ukikata kinamasi cha mlimani, maji huenda wapi?

Mwaka 2003 na 2004 Rwanda ilipata uhaba mkubwa wa umeme. Ziwa Bulera, kaskazini mwa nchi karibu na mpaka wa Uganda, lilikuwa limeshuka kiasi kwamba kituo cha Ntaruka hakikuweza tena kuzalisha umeme wake wa kawaida. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli, na gharama ikawafikia wananchi kwenye bei ya umeme. Uchunguzi ulionyesha sababu tatu zilizokutana: mvua zilikuwa zimepungua, kituo chenyewe hakikuwa kimetunzwa ipasavyo, na huko juu, kwenye kinamasi cha Rugezi kinacholisha ziwa hilo, watu walikuwa wamechimba mifereji ili wakaushe ardhi na kulima.

Sababu mbili za kwanza zinajieleza. Ya tatu inaonekana rahisi, lakini ukiitazama kwa karibu inakataa kunyooka. Ukiuliza mfereji ulifanya nini, utajibiwa kwamba ulitoa maji kwenye kinamasi. Sawa, lakini maji yakitoka kwenye kinamasi si yanaingia ziwani? Kama mifereji iliyaharakisha kushuka, kwa nini ziwa lilipungua badala ya kujaa? Jibu limo ndani ya udongo wenyewe wa kinamasi, na halionekani kwa msimu mmoja.

Kwanza tuione njia ya maji. Rugezi iko kwenye mwinuko wa mita 2,050 hivi juu ya usawa wa bahari, katika wilaya za Burera na Gicumbi. Ni bonde refu lililofunikwa na mafunjo na nyasi ndefu, likizungukwa na vilima vyenye miteremko mikali na mashamba hadi juu. Maji yake hutoka kwa maporomoko ya Rusumo, ambayo siyo yale ya mpakani mwa Tanzania na Rwanda ingawa jina ni moja, kisha huingia Bulera. Bulera iko mita 1,862 juu ya usawa wa bahari, na jirani yake Ziwa Ruhondo liko chini yake kwa takriban mita 100. Anguko hilo la mita 100 ndilo linalozungusha mitambo ya Ntaruka. Yakishatoka Ruhondo, maji hayohayo huzungusha kituo cha pili, Mukungwa. Kwa hiyo tone moja la mvua linaloangukia Rugezi hufanya kazi mara mbili kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea mto Nyabarongo, na hatimaye Ziwa Viktoria na Nili.

Kinachoitofautisha Rugezi na bonde lolote lenye matope ni mboji yake. Mimea inapokufa kwenye udongo wa kawaida, bakteria na kuvu huila mpaka ikaisha, kwa sababu wana hewa ya kutosha. Kwenye kinamasi, maji yamejaza kila nafasi, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mara 10,000 hivi kuliko kwenye hewa. Ongeza baridi ya milimani, ambayo nayo hupunguza kasi ya kuoza. Matokeo yake ni kwamba mimea hufa haraka kuliko inavyooza, na mabaki yanarundikana tabaka juu ya tabaka; rundo hilo ndilo mboji. Kwa kawaida mboji huongezeka milimita moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Mita moja ya mboji, basi, ni kazi ya miaka elfu moja au zaidi.

Mboji iliyoloa si udongo wenye maji. Kwa ujazo, sehemu tisa za kumi au zaidi ni maji, na kilichobaki ni nyuzi za mimea zinazoyashikilia. Ukiielewa sentensi hiyo, mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

Watu wengi hufananisha kinamasi na sponji: mvua ikinyesha kinanyonya, kiangazi kikifika kinaachia kidogokidogo. Nimeusikia mfano huu kwenye mikutano ya vijiji na kuusoma kwenye ripoti nene, na naelewa kwa nini unapendwa. Lakini unatupeleka pabaya. Kinamasi chenye afya kimejaa maji karibu wakati wote, na sponji iliyojaa hainyonyi kitu. Mvua kubwa ikiangukia mboji iliyokwisha kushiba, sehemu kubwa hupita juu na kuondoka haraka. Watafiti waliopima vijito vya vinamasi vya milima ya Uingereza walikuta mito inayofurika upesi na kupungua upesi, tofauti kabisa na kile ambacho mfano wa sponji ungetabiri.

Siri iko kwenye tabaka mbili. Wanasayansi wa Kisovieti walizieleza vizuri katikati ya karne ya 20, na hadi leo ndiyo njia bora ya kuanzia. Juu kabisa, kwa kina cha sentimita chache hadi nusu mita, kuna tabaka la mimea hai na mabaki machanga, lenye matundu makubwa, ambamo maji hupita kwa urahisi. Chini yake kuna mboji ya zamani iliyosongamana, ambamo maji husogea kwa kasi ndogo mno, pengine mara mia au mara elfu pungufu ya juu. Maji yakipanda, yanafika kwenye tabaka la juu na kutiririka. Yakishuka kidogo tu, yanakutana na tabaka la chini lililoziba, na mtiririko unakaribia kusimama. Kinamasi, kwa maneno mengine, kina namna yake ya kujifunga kiangazi kinapoingia: kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kubana maji yaliyobaki. Huko bondeni Rugezi, mafunjo mazito nayo hufanya kazi yake, kwa kuwa maji yanayoshuka kutoka kwenye vilima hulazimika kupenya kati ya mashina yake na kutulia kabla ya kufika kwenye mlango mwembamba wa kutokea.

Sasa chimba mfereji.

Mfereji hupita katikati ya tabaka zote mbili. Unalikata lile la juu na kuyapa maji yake njia iliyo wazi, na unaingia kwenye lile la chini ambalo halikuwahi kuguswa na hewa. Kufuli ya kiangazi imevunjwa. Hata maji yanaposhuka chini ya tabaka la juu, bado kuna pa kutokea.

Hapa ndipo udanganyifu unapoanza, na ningependa kila mpanga mipango wa wilaya aujue. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuchimba, kijito kilicho chini ya kinamasi huonekana kizuri. Hata kiangazi kina maji mengi kuliko zamani. Kule Coalburn, kaskazini mwa Uingereza, ambako eneo la mboji lilichimbwa mifereji mwaka 1972 ili kupanda misitu, vipimo vilionyesha mafuriko yakiongezeka, na mtiririko wa siku za ukame nao ukiongezeka. Mtu anayetazama kijito tu atasema mradi umefaulu pande zote. Lakini maji yale ya ziada hayakutoka mbinguni. Hesabu ya kinamasi chochote ina upande wa kuingia, yaani mvua na maji ya vilimani, na upande wa kutoka, yaani mtiririko na mvuke unaopaa hewani. Tofauti kati ya pande hizo ndiyo akiba inayopanda au kushuka. Mvua haikuongezeka. Kilichoongezeka kwenye kijito kimetolewa kwenye akiba, na akiba hiyo iliwekwa kwa maelfu ya miaka.

Kisha mboji inaanza kubadilika. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiibeba. Yakiondoka, uzito wa tabaka za juu unazigandamiza za chini. Nyuzi zinasinyaa kwa kukauka. Na hewa ikishaingia, bakteria waliokuwa wakisubiri karne nyingi wanaanza kula. Ardhi inashuka. Mfano maarufu zaidi duniani uko tambarare, si mlimani, lakini unafaa kutajwa: huko Holme Fen, mashariki mwa Uingereza, nguzo ya chuma ilichomekwa kwenye mboji mwaka 1851, ncha yake ya juu ikiwa sawa na uso wa ardhi, kabla ya eneo hilo kukaushwa. Leo ncha ya nguzo hiyo iko takriban mita 4 juu ya ardhi wanayosimama watu wanaokwenda kuiangalia.

Mboji iliyosongamana hivyo ina matundu madogo na machache. Hili ndilo jibu la swali letu kuhusu ziwa. Kwenye mboji iliyokazwa, mvua kidogo inatosha kupandisha maji hadi juu, na wiki chache za jua zinatosha kuyashusha mbali. Kinamasi ambacho maji yake yalikuwa yakicheza ndani ya sentimita chache mwaka mzima sasa kinapanda na kushuka kwa kishindo. Baadhi ya mboji iliyokauka sana hufika mahali inakataa kuloa tena: maji yanaiteleza juu kama yanavyoteleza kwenye kitu chenye mafuta. Msimu wa mvua maji yanashuka yote kwa pamoja. Kiangazi hakuna cha kushuka. Na kituo cha umeme kinahitaji maji ya Agosti kama kinavyohitaji ya Aprili. Mwaka wa mvua haba ukija juu ya hali hiyo, kama ilivyokuwa Rwanda, hakuna kilichobaki cha kuziba pengo.

Mlimani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya tambarare hulisahau. Kwenye ardhi sawa, mfereji hukausha pande zake mbili kwa kiasi kinacholingana. Kwenye mteremko sivyo. Mfereji uliokatwa kuvuka mteremko huyadaka maji yaliyokuwa yakitoka juu na kuyapeleka kwingine, kwa hiyo upande wa chini unanyimwa chakula chake kabisa. Unaweza kuona mita chache tu za mboji iliyokauka upande wa juu wa mfereji, na eneo kubwa lililokufa upande wa chini. Anayehesabu madhara kwa kupima urefu na upana wa mfereji atapata namba ndogo kuliko ukweli.

Je, mifereji huongeza mafuriko au hupunguza?

Hili lilizua mabishano ya miongo kadhaa, na inafaa kulikalia kidogo kwa sababu linaonyesha jinsi swali moja linavyoweza kuwa na majibu mawili ya kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku kwa wenye ardhi ya milimani wachimbe mifereji, kwa matumaini ya kupata malisho bora ya kondoo na ndege wengi zaidi wa kuwinda. Mifereji yenyewe ilikuwa ya kina cha nusu mita hivi, ikikatwa kwa plau maalumu, kilima baada ya kilima. Mwaka 1960, Conway na Millar walichapisha vipimo vyao kutoka Moor House, kwenye milima ya Pennines: maeneo yaliyochimbwa mifereji yalimwaga maji haraka zaidi na kwa vilele vikubwa zaidi vya mafuriko. Miaka ya 1960 hiyohiyo, Burke alipima mboji ya Glenamoy, magharibi mwa Ireland, akapata kinyume chake. Pale, mifereji ilishusha maji ndani ya mboji kiasi kwamba mvua ilipokuja ilikuta nafasi ya kukaa, na mafuriko yakapungua.

Pande zote mbili zilipima sawasawa. Mifereji ya Glenamoy ilikaribiana sana, ikaweza kuikausha mboji iliyo kati yake. Kule Moor House ilikuwa mbalimbali, mboji kati yake ilibaki imeshiba, na mfereji ulifanya kazi moja tu: kuyapeleka maji mtoni upesi. Mambo mengine nayo huingia, kama aina ya mboji, ukali wa mteremko, mimea iliyobaki juu, na mahali kinamasi kilipo kwenye bonde zima, maana maji yakiharakishwa kutoka kijito kimoja yanaweza kukutana na kilele cha kijito kingine au kukikwepa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mifereji huleta mafuriko" au "mifereji huzuia mafuriko", muulize mifereji gani, na kwenye mboji ipi.

Tena, jibu la mwaka wa kwanza si jibu la mwaka wa hamsini. Kikundi cha Joseph Holden wa Chuo Kikuu cha Leeds kilirudi Moor House nusu karne baada ya mifereji ya kwanza. Walikuta maji yanayopita juu ya ardhi yamepungua, na yanayopita ndani ya mboji yameongezeka. Mboji ilikuwa imepasuka, na ndani yake kulikuwa na mifumo ya njia za chini kwa chini, mashimo marefu yanayofanana na mabomba, ambayo huzidi kuwa mengi kadiri mifereji inavyozeeka. Mtu aliyechimba mwaka 1955 hakupanga hilo, wala asingeliona kwa macho.

Tukiacha maji yanayotiririka, kuna yale yanayopaa. Kwa muda mrefu wahandisi waliuona mvuke wa vinamasi kuwa hasara. Mfereji wa Jonglei, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 na kusimamishwa na vita katika miaka ya 1980, ulikusudiwa kuyapitisha maji ya Nili kando ya kinamasi cha Sudd yasipotelee hewani. Ukilihamishia wazo hilo milimani linakosea. Sudd iko kwenye joto kali na hulishwa na mto kutoka mbali. Kinamasi cha mita 2,000 kiko kwenye baridi na mawingu, mvua inayokiangukia kwa kawaida ni nyingi kuliko mvuke unaotoka, na mvuke huo una kazi pale pale: jua linapotumia nguvu yake kugeuza maji kuwa mvuke, halipashi ardhi joto. Bonde lililokaushwa hubaki na mboji nyeusi iliyo wazi, ambayo mchana huwaka na usiku hupoa haraka. Na ule mvuke "uliookolewa" haudumu. Mara nyingi kwenye mboji iliyokauka huota au hupandwa miti, na miti, mikaratusi ikiwa ya kwanza, hunywa maji na kuzuia mvua kwenye majani yake kuliko nyasi zilizokuwapo.

Ubora wa maji nao hubadilika. Mboji inayooza huachia kaboni iliyoyeyuka, maji yakawa na rangi ya chai, na mitambo ya kusafisha maji ya kunywa hupata kazi ya ziada. Chembe za mboji na udongo wa mashamba huteremka na kutuama ziwani. Sehemu nyingine ya kaboni hiyo huenda hewani moja kwa moja. Ardhi za mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Mwaka 2017 watafiti walikadiria tani bilioni 30 katika bonde la Kongo peke yake. Hilo ni somo refu la peke yake.

Kilichofanyika Rugezi

Mwaka 2005 Rwanda ilipitisha sheria ya mazingira, Rugezi ikaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda vinamasi na ardhi oevu, na kilimo ndani ya kinamasi kikapigwa marufuku. Miteremko iliyokizunguka ilikatwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mianzi na nyasi zikapandwa kandokando ya maji. Mafunjo yalirudi, Bulera ikapanda, na Ntaruka ikazalisha umeme tena. Mwaka 2010 nchi ilipewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo. Inastahili. Lakini wanaoisimulia Rugezi kana kwamba marufuku peke yake ililijaza ziwa wanaruka hatua: usimamizi wa kituo ulirekebishwa, mvua nazo hazikubaki zile za miaka mibaya. Na kuna walioulipia urejeshaji huo kwa mashamba yao. Katika nchi ambayo familia nyingi zina kipande kidogo tu cha ardhi, kuambiwa bonde ulilolima halilimwi tena ni kupoteza chakula cha miezi ya njaa, na majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe na ya kuezekea. Umeme uliookolewa uliwaka mbali na nyumba nyingi za pale. Nadhani ni haki kusema kwamba anayekatazwa kulima kinamasi anauza maji kwa nchi nzima, na anapaswa kulipwa kama muuzaji.

Kiufundi, kuziba mfereji wa mlimani kuna kanuni zake. Kwenye milima ya Šumava, mpakani mwa Ucheki na Ujerumani, mifereji ya zamani ya misitu imezibwa kwa ngazi ya vizuizi vya mbao vilivyofuatana. Kizuizi cha chini huwekwa mahali ambapo maji yake yakijaa yanafika kwenye mguu wa kizuizi cha juu, hivyo mteremko ukizidi ukali, vizuizi huzidi kuwa vingi na kukaribiana. Ukiweka vichache ili kupunguza gharama, kila kimoja kinabeba maji mengi, yanakichimba pembeni, na mfereji mpya unaanza kando ya ule wa zamani. Zile njia za chini kwa chini zikiwa zimeshatokea, maji yanaweza kukipita kizuizi bila mtu kujua.

Maji hurudi kwanza, wakati mwingine ndani ya msimu mmoja. Mimea hufuata kwa miaka. Matundu makubwa ya lile tabaka la juu yanahitaji miongo, kwa kuwa lazima yajengwe upya na mimea inayokufa na kurundikana, na mboji iliyokwisha kuoza au kugandamizwa chini hairudi kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama kinamasi kimepona asisimame kwenye maporomoko kupima kijito, maana kijito ndicho kilichodanganya tangu mwanzo. Achomeke mabomba yenye matundu ndani ya mboji, juu na chini ya kila mfereji uliozibwa, kisha apime mwishoni mwa Agosti, kabla ya mvua za Septemba, maji yameshuka sentimita ngapi kutoka usoni. Yakibaki ndani ya sentimita chache mwaka hadi mwaka, kufuli imerudi. Yakishuka nusu mita na kupanda yote kwa mvua moja, bado kuna mfereji unaovuja mahali fulani.